Kinywa Kimefunguka, Je, Taya Linakua? Mwongozo wa Kumfuatilia Mtoto Baada ya Upasuaji wa Kiungo cha Taya

Mtoto aliyeishi miaka miwili akinyonya uji kupitia pengo la jino, siku anapouma andazi kwa mara ya kwanza nyumba nzima hushangilia. Siku hiyohiyo ndiyo familia nyingi huanza kuacha kuja kliniki. Nawaelewa. Nauli ni kubwa, shamba linasubiri, na mtoto anakula. Lakini nimewapokea pia wale waliorudi wakiwa na miaka 13 au 14, kinywa kinafunguka vizuri kabisa, ila kidevu kimekwenda upande na taya la chini limebaki kama la mtoto wa miaka 6. Ningewaona mapema tungekuwa na njia nyepesi zaidi za kusaidia.

Kwa hiyo shika jambo moja kabla ya yote: kinywa kufunguka ni habari moja, taya kukua ni habari nyingine. Mtoto anaweza kufaulu la kwanza akafeli la pili, na kila moja lina kipimo chake. Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi, na pia wa tabibu wa meno na muuguzi wa hospitali ya wilaya ambaye mtoto huyu atamwangukia mikononi baada ya kuruhusiwa.

Nitazungumzia zaidi ugonjwa ninaoukuta mara nyingi, yaani ankilosisi, hali ya kiungo cha taya kuganda mfupa kwa mfupa. Kwa kawaida huanza na mtoto kuanguka na kujigonga kidevu, au usaha wa sikio uliopenya hadi kwenye kiungo. Mtoto aliyeanguka kutoka kwenye mwembe, kidevu kikashonwa nyuzi tatu, hakuna aliyefikiria kiungo kilicho mbele ya sikio. Miezi baadaye mama anaona tonge haliingii.

Hatua ya 1: Jua hasa alichofanyiwa

Kabla hujatoka wodini, omba muhtasari wa upasuaji ulioandikwa. Usiridhike na “alifanyiwa operesheni ya taya”. Unahitaji tarehe, upande (kulia, kushoto au pande zote mbili), kilichoondolewa, kilichowekwa badala yake, na kinywa kilifunguka milimita ngapi mtoto akiwa bado kwenye nusu kaputi. Namba hiyo ya mwisho ni dhahabu. Ndiyo inayoonyesha uwezo halisi wa kiungo kabla ya maumivu na woga kuingia kati.

Kilichowekwa ndicho kinachoamua utafuatilia nini. Wengine huondolewa mfupa ulioganda na pengo kujazwa kipande cha utando au msuli wa panja. Hapo kinywa hufunguka, lakini hakuna kitu kipya cha kukuza taya upande huo. Wengine huwekewa kipande cha mfupa wa ubavu chenye gegedu (mfupa laini) nchani, ili kichukue nafasi ya kichwa cha taya kilichoharibika. Ubavu huo unaweza kukua sambamba na upande mzima (yaani ule usio mgonjwa), unaweza kudumaa, na unaweza pia kukua kupita kiasi. Hakuna mpasuaji anayeweza kukuahidi utafuata njia ipi. Wapo wanaofanyiwa urefushaji wa mfupa kwa kifaa, ambao nitaueleza mbele.

Madaktari wengi hufuata utaratibu aliouchapisha mpasuaji wa taya wa Marekani, Leonard Kaban, na wenzake mwaka 1990, ukaandikwa upya kwa ajili ya watoto mwaka 2009. Kiini chake ni kuondoa mfupa wote ulioganda bila kubakiza, kujenga upya urefu wa taya, kisha mazoezi makali yanayoanza mapema. Ukisikia daktari anasisitiza mazoezi hadi unachoka, ujue ndio utaratibu anaoufuata.

Jambo la ziada, na naomba ulichukulie kwa uzito: andika kwenye jalada la daftari la mtoto kwamba aliwahi kuwa na kinywa kilichofungana, na kwamba kumwekea mrija wa kupumulia ni kazi ngumu. Siku atakapohitaji upasuaji wowote, hata wa kidole tumbo, mtaalamu wa nusu kaputi lazima ajue kabla mtoto hajalala.

Hatua ya 2: Elewa taya linavyokua

Taya la chini hurefuka kwa kuongezwa mfupa nyuma na juu, kwenye kichwa chake na kwenye mhimili unaopanda kuelekea sikioni, na hivyo kidevu kikasukumwa chini na mbele. Kichwa kikiharibika mtoto akiwa mdogo, mhimili wa upande huo hubaki mfupi. Upande mzima unaendelea kukua, na kwa kuwa taya ni mfupa mmoja ulioshikana kidevuni, kidevu huelekea upande mgonjwa.

Hapa watu hukosea kila mara. Upande mgonjwa ndio unaoonekana mnene na wa duara, kwa sababu nyama ileile imekusanyika juu ya mfupa mfupi. Upande mzima ndio unaoonekana bapa, umenyooshwa, kana kwamba umekonda. Mama mmoja alikuwa akimkanda binti yake shavu la kulia kwa mafuta ya nazi kila usiku, kwa sababu “ndilo lililosinyaa”. Kiungo kilichoganda kilikuwa cha kushoto. Ukisikia mtu anasema shavu fulani ni zuri na limejaa, angalia kwanza kidevu kinaelekea wapi.

Taya la juu nalo huathirika. Meno ya juu upande mgonjwa hukosa nafasi ya kushuka, na baada ya miaka mstari wote wa meno hupanda kuelekea upande huo. Hilo likishatokea, tatizo si la taya moja tena bali la mawili. Ndiyo maana hatungoji.

Ikiwa viungo vyote viwili viliumia, kidevu hakiendi kulia wala kushoto. Kinarudi nyuma, na njia ya hewa nyuma ya ulimi inabanwa.

Hatua ya 3: Kipimo cha kinywa

Tafuta daftari gumu, la kurasa nyingi, kwa sababu litatumika zaidi ya miaka 10. Tafuta na rula. Rula nyingi za shule zina kipande kitupu kabla ya sifuri, na ukipima kutoka ukingoni unakosea milimita kadhaa kila siku. Kata kipande hicho kwa wembe kisha usugue kwa msasa, au nunua rula ya chuma inayoanzia sifuri pembeni kabisa.

Mtoto aketi, kisogo kikigusa ukuta. Mwambie afungue mwenyewe hadi mwisho, apumzike, afungue tena, mara tatu. Pima kutoka ncha ya jino la mbele la juu hadi ncha ya jino la chini lililo mkabala nalo, na uandike namba kubwa kuliko zote. Kisha msaidie taratibu kwa vidole, kidole gumba juu na cha shahada chini kama mkasi, upime tena. Namba hizo mbili, “mwenyewe” na “kwa kusaidiwa”, ziandikwe kila moja kwenye safu yake.

Unapomsaidia, sikiliza mkono wako. Mwisho wa mfunguko ukihisi unasukuma mpira, ni msuli umekaza na mazoezi yataulegeza. Ukihisi unasukuma ukuta, usilazimishe. Piga simu kliniki.

Meno ya utoto huleta mtego ambao sijaona wazazi wakionywa vya kutosha. Kati ya miaka 6 na 8 meno ya mbele hung’oka na ya ukubwani kuota. Jino likitoka, namba inaruka juu ghafla na familia inafurahi bure. Jino jipya, ambalo ni refu zaidi, likishaota, namba inashuka na familia inaogopa bure. Dawa yake ni kuandika kila mara meno uliyoyatumia. Jino likianza kulegea, siku hiyohiyo pima kwa jozi hiyo na pia kwa jozi ya pembeni ambayo bado imara, uandike zote mbili. Kuanzia hapo tumia jozi ya pili. Meno yote ya mbele yakiwa hayapo, pima kutoka fizi hadi fizi, na uandike FIZI kwa herufi kubwa.

Lengo la wengi ni kufikisha milimita 35 na kubaki hapo. Kwa haraka, mtoto aweze kuingiza vidole vyake vitatu vilivyopangwa wima, vidole vyake mwenyewe, si vya baba. Tofauti ya milimita 1 au 2 kati ya leo na jana ni mkono wako tu. Lakini namba ikishuka milimita 5 chini ya kipimo chake bora, au ikishuka kidogokidogo wiki tatu mfululizo, nenda kliniki wiki hiyo. Usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Kiungo kinaweza kuganda tena. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye hatari kubwa, ingawa nimekiona kikifanya hivyo hata baada ya miaka.

Mazoezi na kipimo ni kitu kimoja

Kwa mazoezi fuata ratiba aliyokupa mpasuaji au mtaalamu wa fiziotherapia, kwa kuwa aliyewekewa ubavu huenda akapumzishwa siku kadhaa kwanza. Nitaongeza machache tu kutoka kliniki. Mpe dawa ya maumivu aliyoandikiwa kama nusu saa kabla. Mwekee shavuni kitambaa cha maji ya vuguvugu dakika 10. Vijiti vya mbao vya kukandamizia ulimi vipangwe kwenye magego, kushoto na kulia kwa zamu, si kwenye meno ya mbele ya utoto, maana hayo hulegea na kung’oka. Funga vijiti 10 pamoja, vipime unene kwa rula, ugawe kwa 10. Sasa unajua kila kijiti unachoongeza ni milimita ngapi, na mtoto anaweza kuona ushindi wake kwa macho: “Leo vijiti 18!”

Mwaka mzima wa mazoezi si mwingi. Wengi huacha mwezi wa tatu, mtoto akishaweza kula ugali. Huo ndio mwezi ambao ningependa sana kuwa nyumbani kwenu.

Hatua ya 4: Vipimo vya uso

Hivi havifanywi kila siku. Kila baada ya miezi mitatu vinatosha, na mtu yuleyule ndiye apime.

Anza na kidevu. Weka nukta ya wanja katikati ya kidevu na nyingine katikati ya nyusi. Mtoto akiwa ameuma meno ya nyuma kama kawaida yake, shika uzi mweusi uliovutwa kutoka nukta ya juu, upite katikati ya mfereji ulio chini ya pua, hadi kidevuni. Nukta ya kidevu imekaa milimita ngapi pembeni ya uzi, na upande gani? Andika vyote viwili.

Halafu chukua futi ya fundi cherehani, ile laini. Pima kutoka kinundu kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio hadi nukta ya kidevu, kulia na kushoto. Namba yenyewe peke yake haina maana kubwa. Kinachosema kitu ni tofauti kati ya pande mbili, na mwendo wa tofauti hiyo kadiri miaka inavyokwenda.

Chukua mfano, niliotunga ili ueleweke. Mtoto alipasuliwa kushoto. Akiwa na miaka 7, kulia ni milimita 108 na kushoto 100, tofauti 8. Akiwa na miaka 8 ni 112 na 103, tofauti 9. Akiwa na miaka 9 ni 117 na 104, tofauti 13. Mwaka wa kwanza usingeshtuka. Mwaka wa pili kulia kumeongezeka 5, kushoto 1 tu. Taya la kushoto limesimama, na hakuna mtu mezani wakati wa chakula ambaye angeligundua, kwa sababu uso unaouona kila siku haubadiliki machoni pako.

Kipimo cha tatu nakipenda kuliko vyote. Mpe mtoto kijiti cha mbao akiume kwa mlalo, kikitokeza pembe zote mbili za mdomo. Simama mbele yake uangalie: je, kijiti kimelala sambamba na mstari wa macho, au kimepanda upande mmoja? Kikipanda kuelekea upande uliopasuliwa, taya la juu limeanza kufuata. Usihangaike kukipima kwa rula. Kipige picha.

Mwisho mwambie afungue kinywa polepole mbele ya kioo. Kidevu kinashuka kwa mstari ulionyooka, au kinakata kona? Karibu kila mtoto aliyepasuliwa upande mmoja hukata kona kidogo kuelekea upande huo. Kona ikizidi kuwa kali kuliko zamani, iandike.

Kwa aliyepasuliwa pande zote mbili, kulinganisha kulia na kushoto hakusaidii sana. Mwangalie kutoka ubavuni. Mwambie aume, kisha upime ni milimita ngapi meno ya mbele ya juu yametangulia ya chini. Kwa kawaida ni 2 au 3. Ikiwa ni 9 mwaka huu na 11 mwaka ujao, kidevu kinaachwa nyuma. Angalia pia kama meno ya mbele yanakutana au magego ndiyo pekee yanayogusana na mbele kumebaki dirisha. Dirisha hilo likitokea baada ya upasuaji, au likizidi kupanuka, mpasuaji anatakiwa alione mapema.

Hatua ya 5: Picha zilezile, mahali palepale

Simu yoyote inafaa. Picha zinazoniharibia kazi ni zile ambazo moja imepigwa chini ya mti, nyingine kwenye harusi, ya tatu uso umeinama.

Chagua ukuta mmoja usio na michoro. Mtoto asimame akitazama dirisha, mwanga umpige usoni. Weka alama ya chaki sakafuni pa kusimama yeye, na nyingine kama mita moja na nusu mbele pa kusimama wewe. Shika simu usawa wa pua yake na uvute picha kwa zumu badala ya kumsogelea, kwani simu ikiwa karibu sana pua hukua na masikio hupotea. Masikio yaonekane yote mawili. Kama anavaa hijabu, isogezwe nyuma kidogo akiwa chumbani na watu wake, na picha hizo zibaki kwenye simu ya mzazi na faili la daktari, zisitembee kwenye magrupu ya WhatsApp. Mtoto huyu atakua, na uso ni wake.

Piga ya mbele akiwa ametulia, ya mbele akitabasamu, akiwa ameuma kijiti, kinywa wazi hadi mwisho, uso kutoka upande wa kulia, uso kutoka upande wa kushoto. Ya saba mwambie ainue kidevu atazame dari, umpige kutoka chini. Hii ya saba huonyesha kidevu kilichopinda kuliko picha nyingine zote. Rudia kila miezi sita, karibu na tarehe ya kuzaliwa kwake na nusu ya mwaka baadaye, ili usisahau.

Hatua ya 6: Mwili mzima, na usingizi

Pima urefu na uzito kila unapopiga picha. Kabla ya kubalehe mtoto huongezeka takriban sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Kama amerefuka hivyo na namba za taya hazijasogea, tatizo ni la taya. Kama hata urefu umesimama, tuulize kwanza kuhusu chakula, minyoo na magonjwa mengine. Watoto hawa wengi walikaa na njaa muda mrefu kabla ya upasuaji.

Usiku, msikilize. Kukoroma kwa nguvu, pumzi kukatika sekunde kadhaa kisha kushtuka kama anayezama, kulala kichwa kimerushwa nyuma, jasho jingi, kuanza tena kukojoa kitandani, kusinzia darasani: hizi si tabia, ni dalili kwamba hewa haipiti vizuri. Mrekodi kwa simu dakika mbili za usingizi, umwonyeshe daktari. Taya fupi huminya njia ya hewa hata kama kinywa kinafunguka vizuri. Hili halingoji kliniki ya mwezi ujao. Pumzi zikikatika mara kwa mara, au midomo ikibadilika rangi, mpeleke hospitali usiku huohuo.

Na meno yapigwe mswaki. Miaka ambayo kinywa kilifungwa hakuna mswaki ulioingia, kwa hiyo magego mengi yameoza. Yazibwe au yang’olewe sasa kwa kuwa nafasi ipo. Jino linalouma humfanya mtoto aache mazoezi, na hapo ndipo kila kitu hurudi nyuma. Usaha wa sikio nao utibiwe mara unapoanza.

Hatua ya 7: Eksirei na modeli

Hapa kazi ni ya kliniki, nami nitakuwa mfupi. Eksirei ya panorama, ile inayozunguka kichwa na kuonyesha taya lote, ipigwe katika wiki za mwanzo baada ya upasuaji iwe ya kulinganishia, kisha karibu mara moja kwa mwaka. Daktari atapima mhimili wa kila upande. Kwa kuwa mashine hukuza picha, asilinganishe milimita za mashine moja na za nyingine. Agawe urefu wa upande mfupi kwa urefu wa upande mrefu, na afuatilie uwiano huo. Aangalie pia ukingo wa chini wa taya, mbele kidogo ya pembe: bonde la hapo likizidi kuchimbika upande uliopasuliwa, ukuaji umekwama.

Eksirei ya ubavu wa kichwa inaongeza mambo mawili: kidevu kimesogea mbele kiasi gani, na pingili za shingo, ambazo umbo lake huonyesha kama mtoto bado hajafikia kasi ya balehe, yuko ndani yake, au ameshaimaliza. Modeli za plasta za meno mara moja kwa mwaka hutunza kumbukumbu ambayo hakuna picha inayoifikia. CT skani ina mionzi mingi zaidi, hivyo iachiwe pale kiungo kinaposhukiwa kuganda tena au upasuaji mwingine unapopangwa.

Omba nakala ya kila picha. Mafaili hupotea, mashine hubadilishwa, madaktari huhama.

Hatua ya 8: Ratiba inayotekelezeka

Wiki sita za kwanza: kipimo cha kinywa nyumbani kila siku, na kliniki kila wiki ikiwezekana. Hadi mwezi wa sita: nyumbani mara mbili au tatu kwa wiki, kliniki kila mwezi. Hadi mwaka: kliniki kila miezi miwili au mitatu. Kuanzia mwaka wa pili: kila miezi sita, na eksirei kwa mwaka. Tena usilegee balehe inapokaribia. Wasichana huingia kwenye kasi ya kukua mapema, wengi kati ya miaka 10 na 12, wavulana kati ya 12 na 14. Upande mzima huchanja mbuga katika miaka hiyo miwili mitatu, na tofauti iliyotambaa tangu utotoni huweza kuruka ghafla. Rudisha ziara ziwe kila miezi minne.

Wapasuaji wa kinywa, taya na uso ni wachache, na wengi wako kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili jijini Dar es Salaam, Kenyatta jijini Nairobi au Mulago jijini Kampala. Anayeishi Sumbawanga au Lodwar hawezi kusafiri kila mwezi, na kumwambia hivyo ni kumfukuza. Kubaliana na mpasuaji wako tangu mwanzo: ziara za kupima kinywa zifanyike kliniki ya meno ya wilaya, namba na picha zitumwe kwa simu, na safari ndefu ibaki kwa eksirei ya mwaka au dalili ya hatari. Tabibu wa wilaya unayesoma hapa, huhitaji ubingwa kumpima mtoto huyu. Unahitaji rula, uzi, kijiti, na namba ya simu ya mpasuaji.

Hatua ya 9: Kusoma mwelekeo, na kinachofuata

Kipimo kimoja hakitoi hukumu. Angalia vitatu mfululizo.

Namba za kinywa zinashuka: shaka ya kwanza ni mazoezi yameachwa, ya pili ni kiungo kuganda tena. Kinywa kizuri lakini kidevu kinazidi kwenda upande uliopasuliwa: taya halikui huko. Kidevu kilikuwa upande uliopasuliwa, kikarudi katikati, kila mtu akafurahi, kisha kikaanza kuvuka kwenda upande wa pili, na meno ya chini yakitangulia ya juu: kwa aliyewekewa ubavu, hiyo ni dalili ya pandikizo kukua kupita kiasi. Familia huichukulia kuwa baraka iliyozidi, wakachelewa. Ipelekwe haraka, maana huenda gegedu likahitaji kupunguzwa au kuondolewa.

Taya lisilokua, daktari wa kupanga meno anaweza kuanza na kifaa cha kuvaa mdomoni kinacholiongoza taya na kuacha nafasi meno ya juu yashuke. Hufaa tu wakati mtoto bado anakua, na ndiyo sababu nyingine ya kutochelewa. Upungufu ukiwa mkubwa, au pumzi zikiwa hatarini, kuna kurefusha mfupa: taya hukatwa, kifaa chenye skrubu hufungwa, na baada ya siku chache za kupumzika skrubu huzungushwa kwa mwendo wa takriban milimita 1 kwa siku, mfupa mpya ukijijaza kwenye pengo. Daktari wa mifupa Gavriil Ilizarov wa Urusi aliitumia mbinu hii kwenye miguu, na mwaka 1992 mpasuaji Joseph McCarthy na wenzake wa New York waliripoti kuitumia kwenye taya la chini la watoto. Inafanya kazi vizuri, ila mzazi ajue mapema: kurefusha leo hakuufundishi mfupa kukua kesho. Mtoto wa miaka 6 aliyerefushwa anaweza kuhitaji tena akiwa na 13, na vipimo vyake vinaendelea vilevile.

Upasuaji wa mwisho wa kusawazisha mataya na kidevu husubiri ukuaji ukome. Wasichana wengi hufika huko wakiwa na miaka 16 au 17, wavulana 18 hadi 20, wengine hupita. Umri hautoshi kuamua. Tunapiga eksirei mbili za ubavu wa kichwa zilizopishana miezi sita hadi mwaka, tunaziweka moja juu ya nyingine, na kama mistari inalaliana, taya limetulia.

Kuanzia miaka 12 hivi mkabidhi mtoto daftari lake. Ajipime mwenyewe mbele ya kioo, aandike mwenyewe, na kliniki aulizwe yeye kwanza, mzazi baadaye. Kijana anayejua kipimo chake kilikuwa 38 Januari na 33 Machi hangoji mtu amwambie aje. Siku eksirei mbili zitakapolaliana, daftari hilo lote, kuanzia ukurasa wa wodini, liwekwe mezani mpasuaji na daktari wa kupanga meno wakiwa wamekaa pamoja, na kijana akiwa kiti cha katikati.